Masharti ya Wiki ya Kimya

Alhamisi, 2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Najua umefungua bahasha hii ukisema, "Huyu ana shida." Nina shida kweli. Bosi wetu wa vipindi ameota shindano, na akiota yeye, sisi hatulali. Linaitwa Wiki ya Kimya. Msikilizaji anajiandikisha, kisha anakaa wiki nzima bila kusema neno. Kila jioni shahidi wake anapiga simu kituoni kuthibitisha kwamba mtu wake bado hajafungua mdomo. Wakifika wengi Jumapili, tunapiga kura, na atakayeshinda anapewa kipindi changu cha mchana: saa nzima hewani, yeye na mimi, aongee yote aliyoyabana. Laini za simu zitafungwa. Matangazo ya biashara yatatolewa. Hata taarifa ya habari itasogezwa.

Mamlaka ya utangazaji ilikifungia kituo kimoja mwaka jana kwa shindano ambalo hata waliolianzisha hawakuweza kulieleza. Kwa hiyo Bosi anataka mtu wa sheria ayaandike masharti. Nikamwambia nina mjomba wakili mstaafu, hatozi kitu ila uvumilivu wa kumsoma. Ningekupigia, lakini najua utasema ushauri wa simu mtu hukumbuka nusu anayoitaka. Ukimaliza, yatume kwa basi la asubuhi, nitayapokea mchana ofisi ya vifurushi.

Naomba yawe mafupi, Mjomba. Ukurasa mmoja.

Mama msalimie sana. Mwambie alipopiga juzi nilikuwa hewani, na jana nilikuwa kikaoni. Nitampigia nikitulia.

Mpwa wako,
Mtangazaji wa mchana


Jumapili, 5 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Umeomba ukurasa mmoja. Nimekuandikia minne, na barua hii ni ya kukueleza kwa nini ni minne.

Ukimwahidi mtu mmoja sebuleni kisha ukamgeuka, mtanuniana. Ukiwaahidi watu laki moja hewani, umeshafanya mkataba na kila mmoja wao, hata yule aliyekuwa anakaanga mayai na kusikia nusu. Ndiyo maana kila neno la masharti lazima lielezwe kabla shindano halijaanza, si baada ya mtu kulalamika.

Nimeanza na kimya chenyewe. Usicheke. Mtu akiandika kwenye karatasi "nipe chumvi", amesema au hajasema? Mtabishana hadi mwakani. Nimeweka kwamba kimya ni kutotumia maneno, ya mdomo wala ya maandishi. Ishara za mikono zinaruhusiwa, kwa kuwa hatuwezi kumfunga mtu mikono.

Pili, usalama. Dereva asishiriki, wala nesi, wala anayelea watoto peke yake. Na mshindani akiona yeye mwenyewe yuko hatarini, anaruhusiwa kupiga kelele bila kuondolewa. Kipengele hiki nimekiandika mara tatu hadi nikaridhika nacho.

Tatu, kujiandikisha kuwe bure. Mkishawatoza watu kisha mkapiga kura, hilo si shindano tena, ni kamari, na kamari ina kibali chake.

Nne, wafanyakazi wa kituo na familia zao hawashiriki: mzazi, mtoto, mke, mume, ndugu. Watu hudhani kipengele hiki kinawaita ndugu zetu wezi. Hapana. Msikilizaji haoni ndani ya studio. Anachokiona ni jina la mshindi tu, na jina hilo likiwa la mama wa mtangazaji, hata kama ameshinda kwa haki, nani ataamini? Kila mshindani atie saini kwamba si ndugu wa mfanyakazi. Na masharti yasomwe hewani taratibu, si kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

Mama yako hajambo. Unajua tangu nihamie hapa tumebaki wawili kama wapangaji wa zamani. Kila mchana anakusikiliza. Redio ameiweka kwenye kiti cha wageni, kile chenye mto. Ukiuliza, "Mko salama huko mliko?" yeye hujibu, "Tuko salama, mwanangu, ila bomba la jikoni linavuja." Ukiweka wimbo, hunigeukia na kusema, "Kanikata."

Mjomba wako,
Wakili mstaafu


Jumatatu, 13 Mei

Mjomba, shikamoo.

Asante sana. Kwa haraka haraka nimeona yametimia. Bosi ameyapitisha, isipokuwa ile saini ya kuthibitisha kwamba mtu si ndugu, anasema watu watachoka kabla hawajaanza. Wanajiandikisha kwa ujumbe wa simu na jina la utani, basi. Na kuyasoma hewani amempa yule mwenzetu wa matangazo, anayasoma kwa pumzi moja. Ukiyasikia utadhani ni jina la mtu mmoja mrefu sana. Nilimwambia Mjomba atakasirika, akaniuliza, "Kwani mjomba wako anasikiliza?" Mchana wewe unalala.

Tarehe ya kuanza bado haijapangwa.

Mama alinitumia ujumbe akiuliza kama kweli saa ya mshindi haitakatizwa na kitu chochote. Nikamjibu, "Kweli kabisa, nitakupigia." Sijapata nafasi. Msalimie.

Mpwa wako


Jumatano, 22 Mei

Mpwa wangu,

Nakaa chini kukuandikia. Mama yako hasemi.

Sikuwa na njia ya kulipamba hilo. Jumatatu asubuhi nilimwambia, "Umeamkaje, dada?" Akatikisa kichwa. Nikajua amenuna. Nikapekua makosa yangu yote ya wiki, nikaomba radhi kwa mkasi wake niliokatia waya, nikaomba radhi hata kwa mambo ambayo hakuwa ameyajua. Akanishika bega, akatabasamu, akaenda kufua. Tabasamu ndilo lililonitisha. Mama yako akinuna hatabasamu, na akitabasamu hanyamazi.

Jana nikamwita daktari wa zahanati. Akamwambia atoe ulimi, akautoa. Akamwambia anyanyue mikono, akainyanyua. Akamulikwa macho, akapimwa presha, akagongwa goti. Kila kitu kizima. Daktari akamwambia, "Mama, sema aaa." Akafunga mdomo na kutazama dirishani. Nje daktari akaninong'oneza kwamba mara nyingine mtu hupoteza sauti kwa huzuni, akaniuliza kama ana huzuni yoyote. Mpwa wangu, swali hilo nakuletea wewe.

Leo mchana alikuwa akinionyesha redio kwa kidole, kisha kifua chake, kisha redio tena. Nikaenda kununua betri mpya. Nilipozileta alishika kichwa kwa mikono miwili.

Na redio yenyewe anaisikiliza sasa bila kuijibu. Unauliza kama tuko salama, na chumba kizima kiko kimya. Sikujua kwamba kelele ile ndiyo iliyokuwa ikinilaza usingizi.

Jirani yetu Mama Mapacha ana moyo mzuri. Tangu Jumatatu anakuja kila jioni, anakaa na mgonjwa, anamtazama usoni muda mrefu, kisha anaaga na kwenda kupiga simu zake.

Njoo nyumbani.

Mjomba wako


Alhamisi, 23 Mei

Mjomba,

Barua yako nimeisoma nimesimama ofisi ya vifurushi, watu wakinipita na magunia. Niliomba kiti, wakanipa katoni.

Nikapiga simu hapo hapo. Mama akapokea. Nikasema, "Mama?" Kimya. "Mama, ni mimi." Nikamsikia anapumua, Mjomba, pumzi za mtu aliye karibu kabisa na simu. Nikamwambia agonge mara moja kama ananisikia. Akagonga. Nikaanza kulia, naye akagonga tena, akagonga tena na tena, sikujua anataka kusema nini. Nikakata. Mimi ndiye niliyekata, siwezi kuamini hata sasa.

Sijawahi kuogopa kimya, nafanya kazi ya kukijaza. Leo hewani nilisahau kuwasha kipaza sauti na sikugundua hadi fundi mitambo alipogonga kioo.

Nimeomba ruhusa ya kuja leo. Bosi amekataa mpaka Jumapili, kwa sababu Wiki ya Kimya imeanza. Aliiharakisha ghafla, tukatangaziwa Ijumaa, Jumatatu ikaanza. Unaona dunia ilivyo? Mama yangu amepoteza sauti wiki ile ile ambayo mimi nawashangilia watu wanaonyamaza. Wamebaki watatu. Mmoja ni kinyozi, wateja wake wanasema hajawahi kunyoa vizuri hivi. Wa pili ni mwalimu aliye likizo. Wa tatu anajiita Bomba Linavuja, tunacheka sana na jina hilo hapa. Shahidi wake hupiga simu kila jioni, na nyuma yake watoto wawili wanalia kwa zamu, mmoja akipumzika mwingine anapokea.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Nadhani naogopa kunyamaza na mimi.

Nikiondoka hewani Jumapili napanda basi. Mshike mkono.

Mpwa wako


Ijumaa, 24 Mei

Mpwa wangu,

Utaona mwandiko si wangu. Anayeandika ni Mama Mapacha, mimi nasema. Najua nesi ameshakupigia. Mkono wa kulia umevunjika juu kidogo ya kiganja, umefungwa plasta, na kiburi changu nacho kimefungwa.

Nataka ulisikie jinsi lilivyotokea, kwa sababu kuanguka si kitu, wazee huanguka. Jana jioni nilikuwa natoka mlango wa nyuma na kikombe changu. Ndoo ya nguo ilikuwa chini ya bomba la jikoni, bomba lile lile, ikajaa, na maji ya sabuni yakatiririka hadi kwenye ngazi. Mimi sikuyaona. Mama yako alikuwa uani anaanika, uso wake umenielekea. Yeye aliyaona. Nikamwona anafungua mdomo, nikasimama, nikadhani Mungu amejibu. Kisha akaufunga kwa mkono wake. Nikakanyaga.

Alinifikia kabla kikombe hakijamaliza kubiringika. Alininyanyua, alinifuta, machozi yanamtoka kama mvua, na bado hakutoa sauti. Nililala pale nikimtazama mdomo. Huyo si mgonjwa, mpwa wangu. Mgonjwa hawezi kusema. Huyu aliweza na hakutaka. Maumivu ya mkono niliyasikia baadaye sana.

Sasa nimemwambia Mama Mapacha anisomee tena barua yako ya jana, nikujibu hoja kwa hoja. Amefika kwenye wale watoto wawili wanaolia kwa zamu. Ameacha kusoma. Mapacha wake wako hapa miguuni pake, mmoja ameanza kulia sasa hivi. Namwuliza, "Jirani, mbona umenyamaza na wewe?"

Mimi Mama Mapacha naandika haya kwa aibu yangu mwenyewe. Mzee amenikazia macho. Ni kweli, mimi ndiye shahidi, nilinyamaza nisimharibie. Mama yako ndiye Bomba Linavuja. Kumwambia kaka yake kwa maandishi aliogopa, alisema masharti yamekataza kuandika, na masharti yameandikwa na kaka yake mwenyewe, anajua anavyoyapenda. Kabla hajaanza nilimwambia utaulizwa mbona umenyamaza, akasema nani atauliza. Habari ya ndugu kukatazwa hatukuisikia kabisa. Yule bwana anayesoma anasoma kama anazama.

Ni mjomba wako tena. Nimemwambia aache kuandika kidogo, nipumue.

Haya. Naendelea. Nilikuandikia habari za bomba hilo mwanzoni mwa mwezi. Ungeisoma barua yangu, ungelijua jina mara ya kwanza ulipolitangaza. Sikulaumu peke yako. Mimi naishi na bomba lenyewe na nilikwenda kununua betri.

Sasa sheria, maana hiyo haingoji tupoe. Mama yako hawezi kushinda, wala hawezi kuachwa ajitoe kimyakimya ili yaishe. Ondoeni jina lake hewani, na mseme sababu. Mpelekee Bosi barua ya kwamba mshindani ni mama yako na mwandishi wa masharti ni mjomba wako, kabla hajaipata kwa mtu mwingine. Halafu shindano lenyewe lisimame leo. Kile kipengele nilichokiandika mara tatu kinamruhusu mtu kupiga kelele akiwa hatarini yeye mwenyewe. Nilimlinda anayenyamaza, nikamsahau anayeishi naye. Huyo kinyozi ana wembe mkononi na hawezi kumwambia mteja asigeuke. Fikiria hilo.

Nilimwuliza Mama Mapacha alichokitaka mama yako kwenye hiyo zawadi. Pesa hakuna, gari hakuna. Anasema Jumapili, kabla kimya hakijaanza, mama yako alimwambia hivi: "Saa nzima, laini zimefungwa. Hataweza kuniambia yuko hewani, kwa sababu nitakuwa hewani naye."

Nimeshamweleza kwamba ametolewa na anaweza kusema. Ameinamisha kichwa. Hajasema.

Mjomba wako, kwa mkono wa Mama Mapacha


Jumamosi, 25 Mei

Mjomba, shikamoo, na pole.

Nitaandika kidogo. Niliisoma barua yako ndani ya choo cha kituo, ndipo penye mlango unaofungwa. Nilipofika kwenye maneno ya mama nilikaa sakafuni.

Kisha nikampelekea Bosi kila kitu kwa maandishi kama ulivyosema. Akacheka kwanza, akadhani ni kichekesho cha kipindi. Nilipomwambia habari ya wembe, akaacha. Akasema kwa sauti ya chini lakini nikasikia, "Mna wakili nyumbani na hamkuona."

Mchana niliingia hewani nikayasoma masharti yote, taratibu, kurasa zote nne. Nikasema mshindani aitwaye Bomba Linavuja ameondolewa kwa sababu ni mama yangu mzazi, hakudanganya mtu, na kosa ni letu la kutowauliza watu wanachopaswa kuulizwa. Nikasema shindano limesimama kwa ajili ya usalama, na waliobaki wawili watagawana ile saa, nusu kwa nusu, kesho. Fundi mitambo alikuwa anatazama meza. Niliposema "mama yangu mzazi" sauti ilinikatika, na hakuna aliyeweka wimbo kunifichia.

Bosi ameniondoa hewani kuanzia leo jioni mpaka mamlaka ya utangazaji ijibu maelezo tunayoipelekea. Kipindi cha kesho atakiendesha mwingine. Kwa hiyo sina kikao, sina zamu, sina pa kukimbilia. Napanda basi la alfajiri, nitafika kabla hujaijibu barua hii.

Sijui nitamwambia nini, Mjomba. Kusema ndiyo kazi yangu.

Mpwa wako


Jumanne, 4 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini ulirudi salama na mamlaka imeanza kuyasoma maelezo yenu. Kama unavyoona, mwandishi amebadilika tena. Mama Mapacha ana watoto wa kulaza, kwa hiyo leo anaandika mama yako, na nimemwomba aandike nisemavyo, asiongeze.

Kwanza, nakushauri masharti mapya yawe na kipengele kinachomhusu kila mtu aliye ndani ya nyumba ya mshindani, na tamko la undugu lirudishwe, na yasomwe na mtu anayepumua. Pili, kuhusu dhima ya kituo kwa madhara yanayompata asiyeshiriki...

Mwanangu, hapa amesema mambo ya sheria kwa muda mrefu sana. Nimeyaruka. Sasa amesinzia kitini, mkono wake wa plasta uko kwenye ule mto wa redio. Ngoja niandike yangu kabla hajaamka.

Ulipokuja ulinikuta kimya, ukashtuka, maana mjomba wako alikuwa amekwambia naruhusiwa. Niliona aibu. Neno langu la kwanza lilikuwa la kumwomba kaka radhi na sikujua linaanzia wapi. Kisha nikakuona umezunguka, unakuja kwa mlango wa nyuma na begi lako, mguu wako uko karibu na ngazi. Nikapiga kelele, "Ngazi!" Mama Mapacha alitoka nje. Ngazi ilikuwa kavu kabisa. Mjomba wako alisimama mlangoni akanitazama, akatazama plasta yake, akasema, "Kumbe sauti ipo." Tukacheka wote, na wewe ukanikumbatia, lakini mimi sikucheka sana.

Kuna jambo sikukuambia tulipokaa siku ile yote. Ulikuwa na furaha, nikaliacha. Jioni ile ya maji ya sabuni, neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lilikuwa "kaka" tu, lingetosha. Nikaikumbuka ile saa, nikalirudisha. Nilimwona mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo anakanyaga, na nilikuwa nimeshachagua. Tangu hapo nikilala nashtuka. Sikujua kwamba naweza. Mtu wa miaka yangu anadhani ameshajijua wote.

Nilimwambia jana. Akanieleza kwamba kisheria mtu hawezi kushtakiwa kwa kutosema isipokuwa pale alipokuwa na wajibu wa kusema. Nikamwuliza, "Mimi sikuwa na wajibu?" Akasema, "Ulikuwa nao." Kisha akaniomba nimkatie nyama yake, maana mkono mmoja hauwezi. Nikamkatia.

Anaamka. Fundi bado hajaja, bomba linavuja. Redio nimeirudisha mezani, kiti ni cha wageni.

Piga simu, mwanangu. Hata ukiwa huna la kusema. Laini ziko wazi.

Mama yako